Wafalme Wasiokuwemo Kwenye Mtihani

Skelbeck, Yorkshire
21 Januari 1979

Shangazi Winifred mpenzi,

Huku kwetu tu wazima, ila baridi inatung'ata. Theluji imefika usawa wa dirisha la Baba, naye kila asubuhi anaichimba kama anatafuta hazina, halafu anaingia ndani kulalamika kwamba imerudi. Mama alikuokea keki ya tangawizi, lakini kwa migomo hii ya wafanyakazi hakuna anayejua treni ipi inakwenda wapi, kwa hiyo tumeila kwa niaba yako. Wahudumu wa shule nao wamegoma, hakuna wa kuwasha boila ya kupasha shule joto, na mwalimu mkuu, Bwana Ogden, ametupa likizo tusiyoiomba. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia.

Kazi inaendelea vizuri. Ni mwaka wangu wa kwanza na bado hawajanithibitisha, lakini darasa langu la kidato cha sita ni la kumshukuru Mungu. Wako kumi na mmoja, wasikivu, hawabishi, hawaulizi maswali ya kuudhi. Tangu Septemba tumekwenda na ukoo wa kifalme wa Stuart bila kupumzika: Mfalme James, njama ya baruti, vita na Bunge, hadi Mfalme Charles akakatwa kichwa. Siku ya kichwa Denise Ackroyd alitokwa na machozi. Ulimfundisha mama yake, kama unamkumbuka.

Sasa nina swali, na si langu. Ni la rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, anafundisha mji mwingine, humjui. Mwenzangu huyo alirithi darasa la mwalimu aliyehamia Kanada. Akafungua kabati, akakuta vitabu kumi na viwili vya ukoo fulani wa kifalme, akaanza kufundisha. Wiki iliyopita ratiba ya mitihani ilifika kutoka kwenye bodi, akaona wanafunzi wake wameandikishwa karatasi ya ukoo mwingine kabisa, ule uliotangulia. Tuseme Tudor. Hakuna hata swali moja linalogusa alichofundisha, mtihani ni Juni, na baadhi ya watoto hao wana nafasi za chuo kikuu zinazongoja alama ya historia.

Ungemshauri nini? Yeye anafikiria kuhamia Kanada.

Binti wa kaka yako,
Hilary


Moelfre, Anglesey
30 Januari 1979

Mwanangu Hilary,

Barua yako ilichukua siku saba, na hiyo ni kasi kwa majira haya. Mimi mzima. Simu bado sitaki, msinisumbue. Mwambie baba yako Arnold aache kuchimba theluji kwa mgongo ule, na mwambie mama yako kwamba keki huliwa na aliyeokewa, tabia mbaya hiyo. Jirani yangu Mwelsh, Eluned Parry, anakusalimu. Jana tuligombana tena. Anasema kile nilichofundisha miaka thelathini na sita nikikiita historia ya Uingereza ni historia ya Waingereza tu, na Wales imo kama nzi kwenye maziwa. Nikamwambia akina Tudor walikuwa Wawelsh, anataka nini zaidi? Akanimiminia chai. Nimeshinda kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Mpe pole rafiki yako. Mwambie kwanza asiandike huku analia, maana barua yake, samahani, barua yako, wino umesambaa. Mficha uchi hazai. Aingie darasani kesho, awatazame watoto usoni, aseme: nimekosea. Basi. Imebaki miezi minne, na ukoo wa Tudor ni watawala watano tu ukimwacha yule binti aliyetawala siku tisa. Nimeona watoto wakisomeshwa hayo kwa wiki sita na wakafaulu.

Ila jambo moja linanikereketa. Unasema hawaulizi maswali. Hilary, darasa lisilouliza si darasa zuri, ni darasa linalokuonea huruma. Nadhani hata rafiki yako linamhusu hilo.

Mkono wa kulia unaniuma, nakoma hapa. Naandika sana siku hizi. Usiniulize naandika nini.

Shangazi yako,
Winifred


Skelbeck
18 Februari 1979

Shangazi mpenzi,

Tumefungua shule. Boila inanguruma, wino umeyeyuka. Mama ana mafua, Baba anaumwa mgongo, na anasema ulimroga kwa ile barua.

Rafiki yangu alijaribu, nakuapia. Alisimama mbele yao, akafungua mdomo aseme "nimekosea," na kilichotoka ni, "Hebu fungueni dirisha." Nje kulikuwa na theluji ya magotini! Wakalifungua. Wote kumi na mmoja wakavaa makoti yao, wakakaa saa nzima wakiandika kwa vidole vya bluu, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Mwalimu, tunaganda."

Baada ya hapo akabuni hila. Anafundisha kinyumenyume. Aliwaambia kwamba huwezi kumwelewa Mfalme James bila kumwelewa Malkia Elizabeth aliyemtangulia. Wiki iliyofuata, kwamba huwezi kumwelewa Elizabeth bila dada yake Mary. Sasa anarudi nyuma kwa baba yao na wake zake sita, na kwa mwendo huu atamfikia Henry wa Saba, mwanzilishi wa ukoo, kabla ya Pasaka bila mtu kushtuka. Si ujanja huo?

Lakini kuna kitu kinamtia wasiwasi. Watoto wanajua mno. Juzi nilimtaja Kadinali Wolsey, waziri wa Henry wa Nane, kwa kupitia tu, nikauliza kama kuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Denise akanipa sababu nne za kuanguka kwake, tena kwa mpangilio. Keith Dewhirst akaongeza ya tano. Ni Neville Sugden peke yake aliyeuliza, "Nani?" Nikawa karibu kumbusu.

Namaanisha rafiki yangu. Yeye ndiye aliyeuliza.

Hilary


Moelfre
4 Machi 1979

Mwanangu,

Salamu kwa wagonjwa wako wote wawili. Eluned ameniletea samaki wa moshi na maneno makali, vyote nimevila.

Sasa tuache mchezo. Huyo rafiki yako ana pua ya kaka yangu na mwandiko wa mama yako, nami nimechoka kumwita rafiki. Kufundisha kinyumenyume! Na siku watakapofika kwenye mtihani ulioandikwa kwenda mbele? Huwaibii watoto Watudor kwa kuwapenyezea mfukoni. Unawaibia haki ya kujua kwamba mtihani wao uko hatarini, wakajipanga wenyewe kama watu wazima. Wana miaka kumi na minane, wanapiga kura!

Sema. Kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Ukishasema, nami nitakuwa na la kukuambia. Si kabla.

Shangazi


Skelbeck
15 Machi 1979

Shangazi,

Nyumbani wazima.

Nimesema. Leo, kipindi cha pili. Nilishika meza kwa mikono miwili nikasema, "Tangu Septemba nimewafundisha ukoo usiokuwemo kwenye mtihani wenu. Kosa ni langu, si lenu, na nasikitika sana." Wakatazama viatu vyao. Halafu Denise akasema, kwa upole ule ule wa siku zote, "Ndiyo, Mwalimu. Tunajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Mwalimu. Bwana Outhwaite alituambia kabla hajaenda Kanada kwamba Septemba tunaanza na Henry wa Saba. Wewe ukaingia, ukaanza na James. Tukadhani mpango umebadilika. Oktoba nikamwuliza Bi Crabtree wa ofisini, akasema haujabadilika."

"Na hamkusema!"

"Ulikuwa umefurahi sana," akasema Keith. "Na ulikuwa umechora ile ramani ya vita kwa rangi tatu."

"Isingekuwa adabu," akasema mwingine huko nyuma.

Nikawauliza basi Watudor wamewajulia wapi. Hapo ndipo Denise alipofungua mkoba wake, akatoa rundo la barua lililofungwa kwa utepe. Barua kumi na nne. Mwandiko niliutambua papo hapo: ni wako. Henry wa Saba na ushuru wake, ukurasa kwa ukurasa. Wolsey na sababu zake nne. Kila Jumamosi wamekuwa wakikutana kwenye maktaba ya mji, Denise anawasomea kwa sauti na wengine wananakili. Ya kwanza ina tarehe sita Novemba.

Novemba, Shangazi! Mimi nikakuandikia Januari na hadithi ya rafiki yangu, nawe ukakaa huko na samaki wako wa moshi ukinijibu kwa utani, "mpe pole rafiki yako," ilhali meza yako imejaa barua za wanafunzi wangu. Mmenifanya kikaragosi. Kumi na mmoja darasani, na wa kumi na mbili ni damu yangu mwenyewe. Nilikuwa nasimama pale kila siku nikichekesha watu wasiocheka.

Sina la kuongeza.

Hilary


Moelfre
21 Machi 1979

Mwanangu,

Hasira yako ni halali, nami siijibu kwa utani.

Denise aliniandikia kwa sababu mama yake alimwambia, "Mwandikie Bibi Thackray, yule hashindwi na kitu." Aliniapisha nisikuambie. Walikuwa wameambiana kwamba ukijua, utakwenda kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hatakuthibitisha, nao hawataki mwingine. Ndivyo alivyoandika: hatutaki mwingine. Bado ninayo barua hiyo, nitakupa siku ukitaka.

Nilikubali upesi mno. Naomba unijibu, hata mstari mmoja.

Shangazi


Moelfre
17 Aprili 1979

Hilary,

Pasaka imepita bila kadi yako. Eluned amenisema hadi masikio yakawaka. "Ninyi Waingereza," anasema, "mtu akizama mbele yenu mtamwuliza kama maji si ya baridi mno."

Basi nitasema lile ambalo kwetu halisemwi. Mwaka wa sitini na mbili kiwanda cha mazulia kilimwachisha baba yako kazi. Hakumwambia mtu. Wiki tano mfululizo alitoka saa moja asubuhi na kopo lake la chakula, akarudi saa kumi na mbili jioni. Mama yako alijua siku ya tatu. Akaendelea kumkatia mkate na kumwuliza, "Kazi ilikuwaje?" Mimi nilijua, mchinja nyama alijua, mtaa mzima ulijua. Tukamwacha kaka yangu atembee peke yake kwenye mvua wiki tano, na tukajisifu kwamba tuna adabu. Siku alipopata kazi nyingine tukampongeza kama vile amehama kwa hiari. Sijawahi kumtaka radhi.

Nilipopata barua ya Denise nilifanya vile vile. Nilikupenda, nikakuacha utembee kwenye mvua. Nilipaswa kupanda treni Novemba ile ile, nije nikuambie usoni. Niliogopa uso wako. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, aliyewanyamazisha wavulana mia tano! Nisamehe.

Winifred


Skelbeck
6 Mei 1979

Shangazi mpenzi,

Mama na Baba wazima. Mgongo wa Baba umepona, sasa anagombana na nanasi la plastiki ambalo Mama ameshinda kwenye bahati nasibu ya kanisa; halitaki mezani.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa naandika barua za matusi na kuzichana. Moja ilikuwa nzuri sana, ningependa ungeisoma.

Kuhusu Baba, nilijua. Nilikuwa na miaka tisa. Siku moja nilitoroka shule nikamwona kwenye benchi nje ya maktaba, anakula mkate wake, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Nikageuka nikarudi shule. Sikumwambia yeyote hadi leo. Basi sote ni wale wale, Shangazi, na sina haki ya kukuhukumu peke yako. Jumapili iliyopita nilimwambia. Tulikuwa tunamenya viazi. Nikasema, "Baba, nilikuona pale maktaba." Akamenya kiazi kizima, hadi kikabaki kidogo kama jicho la samaki. Halafu akasema, "Nami nilikuona. Ulivaa soksi moja tu." Tukacheka mpaka Mama akaja kuona nani anakufa. Baba akalia kidogo. Mimi pia.

Baada ya hapo sikuogopa tena. Jumatatu nikaenda kwa Bwana Ogden nikamweleza kila kitu, na wewe na barua zako, na maktaba. Akanisikiliza, akapangusa miwani.

"Najua, Bi Thackray. Bi Crabtree aliniambia Oktoba."

"Mbona hukusema, Bwana?"

"Nilikuwa nangojea nafasi inayofaa." Kisha akaniuliza kama ninapenda waridi, na tukaongelea waridi kwa dakika ishirini. Akaandika kitu kwenye faili langu, sijui nini.

Darasani sasa ni kazi tupu. Kila mmoja amechukua kipande chake anakifundisha kwa wenzake, mimi nakaa nyuma, na nikisikia kosa napiga kelele. Wameanza kunipigia kelele na mimi! Keith aliniambia Alhamisi kwamba nimeikosea tarehe ya vita vya Bosworth kwa miaka miwili. Ni Neville tu asiyebadilika. Anasema amempenda Mfalme Charles na hawezi kumwacha.

Tuma nyingine kuhusu Malkia Mary, ya kwako imeishia katikati ya sentensi. Na itume kwangu.

Hilary wako


Moelfre
2 Juni 1979

Mwanangu,

Mary huyu hapa, kurasa tisa. Eluned ameongeza ya kumi kwa mkono wake, kuhusu Wales, na amesema usipoisoma darasani atakuja mwenyewe. Soma. Ina ukweli kunizidi.

Hesabu yangu haidanganyi: mtihani ni Jumanne. Wasilale na njaa, wasisome asubuhi, na mwambie Denise asianze kujibu kabla hajasoma maswali yote. Wewe nenda ukatembee. Usisimame nje ya ukumbi ukichungulia, wanakuona.

Nakupenda. Umeona? Nimeiandika, na wala sijafa.

Shangazi


Skelbeck
16 Septemba 1979

Shangazi mpenzi,

Wazima sote, na Baba anasema lazima uje Krismasi. Ana jambo lake na wewe kuhusu mwaka wa sitini na mbili, na anacheka anapolisema, kwa hiyo usiogope.

Telegramu yangu ya Agosti ilikuwa fupi, nikupe sasa kwa urefu. Kumi wamefaulu. Denise amepata alama ya juu kabisa na ameshapanga sanduku la kwenda chuo kikuu cha Durham. Mama yake alinikumbatia mbele ya duka la mikate hadi kofia ikaanguka. Keith anaingia Leeds. Neville ameanguka. Kwenye swali la jinsi utawala wa Henry wa Nane ulivyodumu alimwandika Charles, kurasa sita, akakata kichwa cha mfalme miaka mia moja kabla ya wakati wake. Nilikwenda kwao kumwomba radhi, maana bila mimi asingemjua huyo Charles kabisa. Akaniambia hajuti. Anarudia mtihani mwakani, na safari hii nimemwandikisha karatasi ya Stuart, nimeikagua mara nne, na Bi Crabtree mara ya tano.

Nimethibitishwa. Bwana Ogden aliniletea barua mwenyewe, pamoja na tawi la waridi.

Lakini nilichotaka kukuambia ni cha Jumatatu. Nimepata darasa jipya la kidato cha sita, kumi na wanne, siwajui, hawanijui. Niliingia na muhtasari wa bodi mkononi, nikawaonyesha namba ya karatasi, nikawaambia hadithi yangu yote, dirisha, theluji na rafiki yangu wa kubuni. Nikawaambia sheria ya darasa hili ni moja: mwalimu akikosea, mtu aseme, papo hapo, hata kama hajamaliza sentensi, na asiyesema ndiye asiye na adabu. Nilizungumza vizuri, Shangazi, nusu saa nzima, mwenyewe nikaguswa. Wao wakanitazama kwa heshima, wakitikisa vichwa kukubali. Nikauliza, "Tumeelewana?" Wakatikisa tena.

Nikangoja. Nikangoja sana, hadi ikawa aibu. Mwishoni, kwenye safu ya nyuma kabisa, msichana mmoja mwembamba anayeitwa Lorna Pickles akainua mkono nusu, akaushusha, akauinua tena.

"Samahani, Mwalimu," akasema, shingo nyekundu. "Boila iko huku nyuma kwetu, inanguruma. Hatujasikia hata neno moja tangu uingie."

Nikavuta kiti changu hadi katikati yao, nikakaa, nikaanza upya.

Hilary